Pini Iliyolala

Gocha huvihifadhi kwenye trei ya mayai,
kila kichakataji katika kishimo chake,
na akifunua kitambaa hushusha sauti
kana kwamba vitaanguliwa.

Chukua hiki, Tsiala. Viini viwili, lari kumi na mbili.
Au hiki: viini vinne, lari thelathini na tano.
Vyote vilitoka kiwandani mwanao hajaota jino,
vyote vinakaa kwenye ubao wako ule mkongwe.
(Mwanangu ana ndevu sasa. Nilicheka.)

Nikaviazima vyote Ijumaa ile,
nikaacha pete ya ndoa iwe dhamana,
maana haikuwa na kazi nyingine.

Gldani, ghorofa ya tisa, lifti ya kutumbukiza sarafu.
Theluji inakwaruza vioo.
Nimefuta gundi ya joto, imekauka kama uji wa jana,
kwa pamba na pombe ya zabibu ya shemeji,
ile ambayo hata yeye hainywi.

Cha viini viwili nikakipa harusi ya akina Murman:
saa tatu za picha, hotuba kumi na tisa za kuinua glasi,
shangazi analia, mbwa anakatiza mbele ya kamera.
Fanya iwe faili moja, nikakiambia.

Dakika mia moja na nne.
Nilipika maharage, nikayala, nikasugua sufuria,
nikakaa na miguu ubavuni mwa kasha lake.
Hakikulalamika. Feni yake ilivuma
kama mgeni anayepuliza chai asitake kusikika.
Mita ilisema wati tisini.

Cha viini vinne kilikuwa na pini moja imelala.
Niliiinua kwa mdomo mtupu wa kalamu ya risasi,
pumzi nimeizuia, miwani juu ya miwani.
Kiliwaka mara ya pili. Ya kwanza sitaieleza.

Dakika hamsini na nane!
Shangazi hajamaliza kulia, faili iko tayari.
Lakini feni: jirani Eteri alikuja kugonga
akiuliza nani anakausha nywele saa tano usiku.
Wati mia moja sabini na tano.

Nikachukua bahasha ya bili, nyuma yake nikazidisha,
wati kwa dakika, dakika kwa wati,
na hesabu zikakaribiana hata nikarudia mara tatu.
Harusi moja hula umeme karibu ule ule;
mmoja anatafuna, mwingine anameza.
Joto pia ni lile lile, ila la kwanza
liliketi na miguu yangu mpaka nikasinzia,
la pili lilipita kama mtu aliyeacha teksi inanguruma nje.

Basi ninanunua nini kwa lari ishirini na tatu?
Dakika arobaini na sita.
Zamani ningejua pa kuzipeleka.
Zamani kulikuwa na mtu wa kuniambia zima, njoo ulale,
na kila dakika niliyochelewa ilikuwa na bei.

Sasa ni Januari. Hakuna anayeoa.
Naletewa arobaini za marehemu, mikanda mifupi,
watu wamekaa, mishumaa, kamera haitikisiki.
Oktoba ndiyo itakuwa shida: harusi nne kwa wiki,
mabibi harusi wanapiga simu kabla keki haijaisha.

Jumatatu nikarudi na kisanduku.
Nilimlipa Gocha kumi na mbili.
Hiki kingine, nikasema, usimuuzie mtu mpaka zabibu zivunwe.
Hakuuliza. Alitoa penseli sikioni,
akaandika TSIALA pembeni ya kishimo,
halafu akafikiri, akaongeza: pini ya tatu, taratibu.

Pete alinirudishia ikiwa imefungwa kwenye risiti.
Nikaitia mfukoni,
kule kwenye sarafu za lifti.